Daraja Limefunguliwa, Kazi Haijesha

Wazee wetu walituonya tusimtukane mamba na hali hatujauvuka mto. Onyo hilo ni la busara, nasi watu wa nchi hii tulilishika vema muda wote tulipokuwa tukiuvuka mto Rufiji kwa pantoni. Lakini mtu aliyekwisha kuvuka hakuachiwa onyo lolote. Huyo hamwogopi mamba tena, na upesi husahau kwamba hata mto wenyewe upo. Leo twataka kusema habari za usahaulifu huo, kwa kuwa twauona kila lifunguliwapo daraja jipya.

Wasomaji wetu walio vijana huenda wasijue safari ya kwenda Kusini ilivyokuwa. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda Lindi, Mtwara au Masasi alifika ukingoni mwa Rufiji, mahali paitwapo Ndundu, akangoja pantoni. Mgonjwa alingoja, barua ilingoja, na bidhaa za dukani zilingoja. Masika yalipokuja na barabara ikageuka tope, hapakuwa na ajuaye atafika lini. Watu wa Kusini walijiona kama jamaa wa mbali, wakumbukwao siku za sikukuu tu.

Mwezi Agosti mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa, mwenyewe mzaliwa wa Masasi, alilifungua daraja la Rufiji lenye urefu wa mita 970, nalo likapewa jina lake. Wakati ule hapakuwa na daraja refu kama hilo katika nchi yetu. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini si ngoma za siku ile tutakazo kukumbusha. Twataka kukumbusha habari za mtu mmoja ambaye hakuwa na kiti katika sherehe.

Katika miaka ya ujenzi, tulipokuwa vijana, tulimfahamu mzee mmoja wa Rufiji ambaye sasa ni marehemu. Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, alishika fimbo yake akateremka mtoni. Hakuwa kibarua wala hakuwa mchuuzi. Alikaa chini ya mwembe akatazama. Kila nguzo moja ilipochomoza juu ya maji, alifunga fundo moja katika kamba ya ukindu aliyokuwa akiichukua mfukoni. Vijana walimcheka wakamwita Bwana Msimamizi. Yeye akawajibu kwamba mto ule ulimhamisha kwao wakati wa mafuriko ya mwaka 1968, basi anayo haki ya kujua ni kitu gani kinachojengwa juu yake.

Jibu hilo lilikuwa na maana kuliko vijana walivyodhani. Watu wa bonde la Rufiji wameishi na mafuriko tangu zamani. Maji yapungukapo, hulima mlau katika ardhi iliyoachwa na unyevu, na kwa ajili hiyo hawana budi kujua mto unakwenda wapi na unarudi lini. Baada ya mafuriko yale ya 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni ikawaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Walihama na elimu yao. Mzee yule alijua mkondo hugeukia wapi wakati wa masika, na alijua magogo hukwama mahali gani.

Daraja lilipokwisha kufunguliwa, wengine waliacha kulitazama, bali yeye hakuacha. Siku moja alikwenda katika ofisi fulani kueleza kwamba, kwa jinsi aonavyo, mkondo umeanza kuegemea upande mmoja kuliko zamani. Akaambiwa, “Mzee, hayo ni mambo ya wataalamu.” Akachukua fimbo yake akarudi nyumbani. Hatusemi kwamba mzee alikuwa sahihi. Twasema kwamba hakuna aliyekwenda kutazama, na hapo ndipo penye kosa.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya daraja ipo juu, katika saruji ionekanayo na macho. Kwa daraja la mtoni hatari kubwa ipo chini. Maji yakiipiga nguzo huzunguka, na yakizunguka huchimba mchanga ulio kwenye shina lake. Gogo likikwama hapo, mkondo hubanwa, ukazidi nguvu, na shimo likazidi kina. Kisha mafuriko yakipita, mchanga mpya huja ukalijaza shimo lile, hata mtu ajaye kutazama wakati wa kiangazi haoni kitu. Injili yatusimulia habari za mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Mainjinia wa leo wanao werevu wa kuushinda mchanga, kwa kuziteremsha nguzo chini sana. Hata hivyo mchanga ni mchanga: leo upo, kesho umechukuliwa, na hauagi.

Sasa tufikiri ukubwa wa mto wenyewe. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu. Bonde lake lote lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, ambayo ni karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Mvua inyeshayo katika milima ya Iringa na Mbeya mwisho wake hupita chini ya daraja lile. Mto kama huo hauwezi kukaguliwa kwa mtu kupita juu yake katika gari, vioo vimefungwa.

Tena kuna jambo jipya. Mwezi Desemba mwaka 2022 Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika mto huo huo upande wa juu, lilianza kujazwa maji. Limejengwa litoe megawati 2,115 za umeme, nasi tumelisifu bwawa hilo wala hatuyafuti maneno yetu. Lakini ni tabia ya kila bwawa duniani kuzuia tope na mchanga. Maji yatokayo chini yake yametakata, na maji yaliyotakata yana njaa. Hujitafutia mchanga mwingine katika sakafu na kingo za mto. Misri ilipolimaliza bwawa kuu la Aswan mwaka 1970, tope la mto Nili halikufika tena baharini kama zamani, na pwani ya huko ikazidi kuliwa na mawimbi. Basi mwenye bwawa upande wa juu na daraja upande wa chini hana budi kupima sakafu ya mto wake mara kwa mara, kama mwenye nyumba atazamavyo dari yake kabla ya masika.

Mwaka 2024 tulipewa somo. Mwezi Aprili maji yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Kisha, mapema mwezi Mei, kimbunga Hidaya kikaipiga pwani yetu, na mvua yake ikaikata barabara ya Kusini katika wilaya ya Kilwa, huko Somanga na Mikereng'ende. Daraja kubwa lilisimama. Yaliyoshindwa ni madaraja madogo na makalavati, yale yasiyo na jina la mtu, wala hayakufunguliwa kwa ngoma. Abiria wakakaa njiani wakitazama maji, kana kwamba siku za pantoni zimerudi. Faida gani kuwa na mita 970 za zege imara, ikiwa safari hukatizwa na kijito ambacho mtoto hukiruka wakati wa kiangazi?

Wala hili si jambo la mara ya kwanza. Miaka minane baada ya daraja la Rufiji kufunguliwa, kipande cha barabara cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilikuwa bado hakijamalizika kutiwa lami. Huko mto Ruvuma, mwezi Mei mwaka 2010, nchi yetu na ndugu zetu wa Msumbiji tulilifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, nalo kwa muda mrefu likakaa bila barabara njema ya kulifikia. Twapenda kujenga kitu kinachopigwa picha. Kile kisichopigwa picha twakiacha kingoje.

Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba haya ni mambo ya elimu ya juu, na kwamba mwanakijiji hawezi kumfundisha injinia. Twakubali kwamba hawezi kumfundisha hesabu za zege. Lakini injinia huja kwa siku zake, akapima, akaandika, akaenda zake. Mwanakijiji yupo Januari, yupo Aprili, yupo usiku mto unapounguruma. Yeye ndiye wa kwanza kuona ukingo unamomonyoka, na ndiye wa kwanza kuona gogo limekwama. Macho yake hayana mshahara wala posho, na Taifa maskini halipaswi kutupa kitu cha bure. Chama chetu kiliwafundisha watu kwamba nchi ni yao. Hatuwezi kuwafundisha hivyo mkutanoni, kisha tukawafukuza dirishani mwa ofisi.

Kwa hiyo twatoa maombi matatu.

La kwanza ni kwa Serikali na viongozi wetu. Kila lijengwapo daraja, wakazi wa kingo zote mbili waitwe mkutanoni kabla kazi haijaanza, waelezwe daraja litakaa wapi, litagharimu kiasi gani, na litakwisha lini. Wao nao waulizwe mto una tabia gani. Daraja likisha kufunguliwa, kijiji kilicho karibu kipewe njia ya kupeleka habari, na injinia wa mkoa awajibike kuijibu kwa maandishi. Habari ikiwa si kweli, aseme si kweli. Lakini aende kwanza akatazame. Tena fedha za kutunza makalavati zisiwe za kwanza kupunguzwa kila bajeti ibanwapo.

La pili ni kwa wenye malori. Sheria imeweka tani 56 kuwa mwisho wa uzito wa gari na mzigo wake, na mizani imewekwa barabarani si kwa mapambo. Ekseli iliyozidishiwa mzigo kwa sehemu moja ya tano huiumiza barabara kiasi cha mara mbili ya ekseli iliyo halali. Tajiri ampaye karani wa mizani rushwa ili apitishe mzigo wa ziada hajaokoa fedha. Amewatoza watu wote wa Kusini, pamoja na watoto wao, bila ya kuwauliza. Na karani apokeaye ni mshirika wake, astahili adhabu iyo hiyo.

La tatu ni kwetu sisi wananchi, wala tusijifiche nyuma ya makosa ya wakubwa. Nani achimbaye mchanga wa kujengea karibu na nguzo za madaraja? Nani ang'oaye vyuma vya kingo akaviuza kwa mafundi wa vyuma chakavu? Nani akatazaye vibao vya barabarani akafanyia majiko? Hao si wageni. Ni majirani zetu, twawajua kwa majina, na mara nyingine twanunua mchanga wao. Mtu alaumuye Serikali asubuhi na kununua chuma cha daraja jioni hana haki ya kusikilizwa. Kama twadai kwamba macho yetu yaheshimiwe, basi tuyafumbue hata pale inapotupasa kumtaja jirani.

Ndugu zetu Waislamu hufundishwa kwamba yapo matendo ambayo thawabu yake haikatiki hata mtu akiisha kufa, na miongoni mwake ni kitu chenye kuwanufaisha watu, mfano wa kisima au njia. Wakristo nao hufundishwa kwamba aliyekabidhiwa mali ataulizwa habari zake. Mafundisho yote mawili yanakutana hapa: mwenye kujenga amefanya jema, na mwenye kutunza hakufanya jema dogo kuliko hilo.

Katika nchi yetu madaraja mapya yanaendelea kujengwa, nasi twayafurahia. Katika kila ukingo yupo, hapana shaka, mzee mmoja au mama mmoja aliyekaa chini ya mti akihesabu nguzo. Kiongozi apitaye hapo na msafara wake asione taabu kushuka garini, aketi naye dakika chache, amwulize ameona nini. Kamba ya mzee wetu wa Rufiji ilizikwa katika vitu vyake, na mafundo yake hayakupata kusomwa na mtu. Tusiizike ya pili.