Kabla ya kugawa kiwanja, udongo upimwe

Agosti 2012 chombo Curiosity cha Marekani kilitua kwenye sayari ya Mars, ndani ya shimo la Gale. Mwaka uliofuata kilitoboa mwamba na kukuta udongo wa mfinyanzi. Maji hayapo tena hapo, lakini mfinyanzi huzaliwa pale ambapo maji hukaa na mawe kwa muda mrefu. Ndivyo wataalamu walivyojua kwamba zamani palikuwa na ziwa.

Sisi wa Bukavu hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mawe ya volkano yaliyo chini ya mji wetu yameozeshwa na mvua za miaka mingi sana, yakageuka mfinyanzi. Ukilowa huwa mzito na kuteleza. Huko Funu, katika komini ya Kadutu, ardhi inatembea polepole, kuta zinapasuka na mabomba yanakatika.

Mars haina mkaaji wa kuumia. Hapa watu wamejenga juu yake. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi, Kalehe.

Tunawaambia wenye mamlaka: kabla ya kugawa kiwanja, udongo upimwe. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kina wanajiolojia. Waulizwe, na majibu yao yabandikwe kila mtaa. Anayeuza kiwanja kwenye mteremko unaotembea asipewe hati. Na mifereji izibuliwe kabla mvua za Septemba hazijaanza.