Gari kuukuu si lazima liwe gari bovu

Wahenga walinena kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiitafakari methali hiyo, si darasani tu, bali aghalabu nikiwa nimelala chali chini ya gari langu nyumbani kwetu Kinna, Kaunti ya Isiolo, huku oili nyeusi ikinidondokea shatini. Gari lenyewe ni Land Rover ya mwaka 1974, lililonitangulia kuja duniani. Nililinunua kwa shilingi 350,000 taslimu. Wenzangu chuoni huliita mkangafu. Wanafunzi wangu, ambao hawana simile, huliita babu.

Ningependa, ndugu msomaji, kulizungumzia gari hili bila kulisifu kupita kiasi wala kulidhalilisha. Nafanya hivyo kwa sababu walimu wengi, hasa wale waliopangiwa kazi mbali na lami, hujikuta wakikabiliwa na swali lile lile lililonikabili mimi: je, mtu wa mshahara anunue gari kuukuu la bei nafuu, au ajitose katika deni kwa ajili ya lile jipya kidogo lililoshushwa bandarini Mombasa juzi?

Nianze na raha zake, maana zipo. Raha ya kwanza ni kutodaiwa. Gari dogo lililoagizwa kutoka Japani, likiwa limekwisha kutumika huko miaka saba, hukaribia shilingi milioni moja au kuipita. Mwalimu hulipata kwa mkopo wa chama cha akiba, kisha kwa miaka mingi hupokea mshahara uliokwisha kukatwa hadi kwenye ile theluthi moja ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekataza isiguswe. Mimi sikukatwa chochote. Gari lilikuwa langu siku ile ile nilipolipa.

Raha ya pili ni kwamba Land Rover la zamani linaeleweka. Lilipobuniwa Uingereza mwaka 1947, nchi hiyo ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Vikuu vya Pili, ndipo wabunifu wakaamua kulijengea bodi ya alumini. Mabamba yake ni bapa, injini yake iko wazi, na hakuna kompyuta inayomficha fundi siri ya ugonjwa. Katika miji ya Maua, Isiolo na Maralal, magari ya aina hii yamebeba miraa, mbuzi na abiria kwa miongo mingi, na kwa hivyo mafundi wa jua kali wanayajua kama mchungaji anavyomjua ngamia wake. Spea za kale zinapatikana, na zisipopatikana, huchongwa. Hapo ndipo nilipoielewa vyema kauli ya wahenga kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Raha ya tatu ni ya kihistoria, na pengine inanigusa mimi zaidi kuliko itakavyomgusa msomaji wa mbali. Kwa wazee wetu, mngurumo wa Land Rover ulikuwa sauti ya serikali. Wakati wa vita vya Shifta, kuanzia mwaka 1963 hadi 1967, wafugaji wa Isiolo walikusanywa kambini, mifugo ikaangamia kwa maelfu, na magari ya namna hii yalikuwa ya maaskari na maafisa. Leo gari lilo hilo huegeshwa chini ya mgunga mbele ya nyumba ya raia, na mzee anayelisikia likiwashwa alfajiri hakimbilii kichakani. Huchukua bakora yake akaja kuomba kufikishwa Garba Tula.

Sasa tugeukie gharama. Watu wengi hudhani kwamba bei ya gari ni ile fedha inayotolewa siku ya kununua. Huo ni mwanzo tu. Land Rover langu, lenye injini ya petroli ya lita mbili na robo, hwenda kilomita sita hivi kwa lita moja. Kati ya mwaka 2025 lita ya petroli ilipita shilingi 180 jijini Nairobi. Tukikadiria kwa shilingi 180, kila kilomita moja inanila shilingi 30. Gari dogo la kisasa, linalokwenda kilomita 15 kwa lita, hutumia shilingi 12. Mtu akisafiri kilomita 10,000 kwa mwaka, tofauti baina ya magari haya mawili ni shilingi 180,000. Kwa maneno mengine, katika kila miaka miwili nimekuwa nikilinunua gari langu upya kupitia bomba la petroli.

Isitoshe, mwenye gari linalokunywa sana ndiye anayelipa ushuru zaidi wa barabara. Tangu ada ya kutengeneza barabara ilipopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mnamo Julai 2024, mimi nimekuwa nikilipa zaidi ya shilingi 4 kwa kila kilomita, ilhali mwenye gari dogo la mjini, anayeteleza juu ya lami, hulipa chini ya shilingi 2. Njia ya kutoka Kinna hadi Rapsu ni ya vumbi na makorongo. Anayepita njia mbaya huhitaji gari zito, na gari zito humfanya achangie zaidi barabara nzuri za wengine. Sitaki kulalamika sana, lakini hesabu hiyo ningependa walimu wa hisabati waifanye na wanafunzi wao.

Juu ya hayo kuna bima. Sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwakinga watu wengine barabarani, na hiyo ni haki. Lakini ukitaka bima kamili, ya kulikinga gari lenyewe, makampuni mengi yatakuambia kwamba umri wake hauruhusu. Kisha kuna springi, matairi, rejeta, na zile siku za kazi zinazopotea ukimngojea fundi. Hizo zote ni gharama zinazohesabika. Iko gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, na hiyo ndiyo iliyonisukuma kuiandika makala hii.

Mwaka juzi, katika mwezi wa Agosti, mpwa wangu alikuwa akioa. Nikaona haya kulipeleka gari harusini likiwa limepauka. Nilitoa shilingi 14,000 likapakwa rangi ya kijani, likang'aa. Wakati huo huo nilikuwa nimekwisha kuambiwa na fundi kwamba raba za silinda kuu ya breki zimelika. "Mwalimu," alisema, "rangi inaweza kungoja. Breki haingoji." Kazi yote, pamoja na ufundi, ilikuwa shilingi 3,500. Nikamwahidi kwamba nitarudi mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimezoea kuikanyaga breki mara mbili ndipo ishike, na mtu akizoea kasoro huanza kuiona kuwa ni tabia ya gari.

Wiki mbili baada ya harusi nilikuwa nikitoka Maua kurejea Kinna. Njia hiyo huteremka kutoka milima ya Nyambene hadi tambarare za joto. Nyuma nilikuwa nimebeba maboksi ya vitabu vya shule, mwalimu mmoja, na mvulana wa kidato cha pili aliyeomba lifti. Katika Land Rover la zamani abiria wa nyuma hukaa kwenye mabenchi ya ubavuni wakitazamana, bila mikanda. Kwenye mteremko nilikanyaga breki mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na mguu wangu ukagonga sakafu. Niliteremsha gia, nikavuta breki ya mkono, kisha nikaliingiza gari katika ukingo wa udongo kando ya njia kabla halijafika penye kona. Lilisimama. Mimi na mwalimu tulichubuka tu. Mvulana yule alivunjika mkono wa kulia, na mitihani ya mwisho wa muhula ikampita.

Jioni ile nilikwenda kwa mamake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na wazee wawili walikuwa wamekwisha kunitangulia kumpoza kwa kusema kwamba ajali haina kinga na kwamba yaliyoandikwa yameandikwa. Mama yule aliwasikiliza kwa adabu. Kisha alinigeukia akaniuliza kwa Kiborana neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili pia ni neno moja: "Ulijua?"

Nikamjibu kwamba nilijua.

Kazi yangu ni lugha, na swali lile lilinirudisha kwenye maneno ninayoyafundisha. Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliokadiriwa, siku ya mtu aliyoandikiwa. Hata katika Kiswahili neno hili bado lina maana hiyo ya majaliwa, kando na maana ya magari kugongana. Kwa hivyo kila tunaposema gari limepata ajali, kuna sauti ndogo ndani ya neno inayotunong'oneza kwamba hakuna wa kulaumiwa. Sina ugomvi na imani hiyo; ni imani yangu pia. Lakini aliyeandikiwa hakuandikiwa kuipaka rangi breki mbovu. Lipo neno jingine kwa jambo nililolifanya, nalo ni uzembe. Mama yule, ambaye hakupata kuketi darasani, aliyatenganisha maneno hayo mawili kwa swali moja.

Kiswahili kinatupa msaada mwingine. Kitu kilichokaa sana huweza kuitwa kuukuu. Kikiwa cha kale na chenye heshima huitwa kikongwe. Kikitumika hadi kikalegea ni chakavu. Kisichofaa kwa kazi yake ni kibovu. Maneno haya ni jirani, lakini hayakai nyumba moja. Gari langu lilikuwa kuukuu siku nililolinunua, na lilikuwa zima. Nililifanya bovu mimi mwenyewe. Vivyo hivyo, gari la miaka minne laweza kuwa bovu kuliko la miaka hamsini endapo mwenyewe ameona fahari ya muziki na viti kuliko matairi.

Nahisi kwamba sheria zetu nazo zimeuchanganya ukuukuu na ubovu. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopitisha miaka minane. Sheria hiyo ina manufaa yake, lakini hupima cheti cha kuzaliwa mlangoni, na gari likishaingia linaweza kuishi nasi nusu karne. Kwa miaka mingi mkazo wa ukaguzi wa kila mwaka umekuwa juu ya magari ya biashara, huku ya kibinafsi yakiachiwa dhamiri za wenyewe. Dhamiri yangu mmeiona ilivyofanya kazi. Land Rover lina hila yake pia: bodi ya alumini haishiki kutu, kwa hivyo mpita njia huliona zima, ilhali fremu ya chuma iliyo chini inaweza kuwa imeoza. Ndiyo maana ni lazima awepo mtu mwingine, mwenye ujuzi na asiye na haya, wa kuinama na kutazama chini. Kaunti kama yetu zinastahili vituo vya ukaguzi vilivyo karibu na vya ada ndogo, ili mwenye gari kuukuu aone ukaguzi kuwa ni tiba badala ya adhabu.

Kwa walimu wenzangu nina maneno machache. Usione haya kununua gari kuukuu; haya iko penye breki, usukani na matairi yasiyotunzwa. Kabla ya kulinunua, gawa fedha zako: ukiwa na shilingi 350,000, tafuta la 250,000, na laki moja iliyobaki uiweke kwa ajili ya fundi, maana utamhitaji kabla ya mwaka kwisha. Kila mwezi tenga kitu kwa ajili ya gari hata kama halijalalamika. Mimi hutenga shilingi 6,000, na rangi haimo katika hesabu hiyo. Na usimbebe mwanafunzi mahali pasipo mkanda, hata akikusihi namna gani kando ya njia. Hili la mwisho ni gumu Kinna, ambako kumpita mtu juani ni utovu wa adabu. Nimefunga mikanda minne nyuma, na ikijaa nasimama, nasalimia, naeleza, kisha naondoka.

Mkono wa mvulana yule ulipona, na gharama za matibabu nilizilipa mimi, kama ilivyopasa. Zilikuwa mara kumi na zaidi ya zile shilingi 3,500. Gari bado ninalo, na bado nalipenda. Lakini kila ninapoikanyaga breki ikashika mara moja, nakumbuka kwamba unafuu wa gari hili ulikuwa karibu kulipwa na mtoto wa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa kama angependa kuchangia.