Kila mtu yuko bize na fulana yake!

Wiki hii mnivumilie, najianika mwenyewe.

Mwaka jana tuliosoma pamoja sekondari tuliandaa mnuso wa kukutana. Nilichanga, nikanyoa, nikapiga pasi shati, nikapanda daladala mpaka kwenye geti la ukumbi. Nilivyosikia tu vicheko vya ndani, viganja vikalowa jasho, moyo mbio, tumbo likavurugika. Nikageuza! Kwenye kundi letu la WhatsApp nikazuga kwamba malaria imenibana.

Chanzo? Kidato cha Pili mwalimu alinisimamisha nisome Kiingereza kwa sauti. Neno "island" nikalisoma "izlandi". Darasa zima likaangua kicheko, na muhula mzima jina langu likawa hilo hilo: Izlandi. Tangu hapo nikiingia penye watu, naona macho yote kwangu.

Kumbe si ushamba. Hofu ya namna hii inatambuliwa na wataalamu. Mwaka 1980 iliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Na kuikimbia siyo dawa. Ukikimbia unapata nafuu ya siku hiyo, halafu hofu inazidi kunenepa.

Sikieni kioja hiki. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lao: vijana wa chuo walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwao ilikuwa aibu tupu, wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Wavaaji walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha ile. Walioitambua hawakufika hata robo!

Basi mwaka huu nikajikaza. Nikawahi kabla watu hawajajaa, nikaomba kazi ya kugawa soda ili mikono iwe na shughuli, nikajipangia kukaa saa moja tu. Akatokea dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja. Nikajilipua, nikamuuliza kama anaikumbuka Izlandi.

"Izlandi ndiyo nini?" akashangaa. "Mimi nakumbuka uliniazima mkebe siku ya mtihani wa hesabu. Mwaka jana nilikutafuta sana nikushukuru, wakaniambia unaumwa."

Jamani! Hapo ndipo niliona aibu ya kweli. Ile nyingine miaka yote nilikuwa naitunza peke yangu, wenyewe walishaisahau.

Jasho lilinitoka, sidanganyi. Lakini saa moja ilipita, na ya pili ikanikuta bado nipo kwenye stori.

Wewe ambaye hofu inakuzuia hata kwenda kazini au darasani, usione noma kumwona daktari. Yapo matibabu, mengine ni ya mazungumzo tu. Sisi wengine tuvae fulana zetu, twende.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!