Hasinzii, Mwalimu

Wiki yangu ya pili ya mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Kwanza, kulikuwa na kijana mmoja karibu na dirisha aliyeniudhi kweli. Kila nikigeuka kutoka ubaoni namkuta kainua kidevu, jicho la kushoto limefumba nusu, utadhani ananidharau huku anasinzia. Nikamtuma akanawe uso bombani. Akarudi maji yanamchuruzika, jicho liko vilevile. Darasa likacheka. "Huyo ndo alivyo, madam," akasema mwenzake.

Ndo alivyo. Alizaliwa na kope la juu lililolegea. (Kope hapa ni ile ngozi inayofunika jicho, si nywele zake.) Ndani ya kope kuna msuli mdogo wa kulinyanyua, kwa baadhi ya watoto msuli huo haukukua sawasawa tangu tumboni, basi kope linaning'inia. Mtoto anajitafutia njia: anapandisha nyusi, anainua kidevu ili achungulie kwa chini. Nilichokiita dharau kumbe ilikuwa juhudi ya kusoma ubao wangu.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini, mmoja akadakia, "Si akafanyiwe ile ya Wakorea?" Jamani. Ile maarufu ya Korea Kusini, ya kutengeneza mkunjo kwenye kope, ni urembo. Kupunguza ngozi na mafuta ili mtu asionekane kachoka, nako mara nyingi ni urembo, na mtu mzima mwenye hela zake sina ugomvi naye. Ajue tu kwamba ngozi ikikatwa kupita kiasi jicho halifungi vizuri, linakauka. Lakini kope likishuka mpaka likaziba mboni, habari ya sura imeisha hapo. Daktari anaukaza ule msuli, au kama hauna nguvu kabisa, analiunganisha kope na msuli wa paji la uso, ili nyusi zikipanda na kope lipande. Bima nyingi hazilipii urembo, kwa hiyo neno moja likikosewa kwenye fomu, familia inarudi nyumbani.

Na mtoto hana muda wa kusubiri. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho lililozibwa halipati picha, ubongo unazoea kuliacha, likawa jicho vivu. Ikigundulika mapema, kabla ya miaka 7 hivi, matibabu husaidia sana. Baadaye kope linaweza kunyanyuliwa na bado uono ukabaki hafifu. Si kila kope lililolegea linafikia huko, ndiyo maana jicho lazima lipimwe.

Kijana wangu ana miaka 14. Kapita darasa la kwanza hadi la saba, walimu wangapi hao? Mama yake aliwahi kuambiwa eti ni alama ya ukoo, "akitaka urembo atafanya akikua." Sasa kakua. Akifunika jicho la kulia, ubao hausomi.

Siwalaumu wale walimu peke yao, mimi mwenyewe nilimtuma bombani. Piaget nimemsoma mpaka nimemkariri, ila hakuna kipindi hata kimoja kilichoniambia mtoto anayeinua kidevu nimtazame mara mbili. Saa mbili na mtu wa kliniki ya macho kabla hatujaenda shuleni zingetosha. Atuambie pia kuhusu kope linaloshuka zaidi jioni, ambalo laweza kuwa dalili ya ugonjwa wa misuli, na lile linaloshuka ghafla huku mtu akiona vitu viwiliviwili au kichwa kikimuuma sana. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wanaoingia vikao vya kitivo, hoja hii waibebe kabla kundi lijalo halijaondoka.

Nilimhamishia dawati la mbele, nikamwandikia barua ya kwenda kliniki ya macho. Mama yake akanipigia simu jioni. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "hawatasema tunataka kumremba tu?"