Msipashe Injini Kabla Mnunuzi Hajafika

Wanachuo wenzangu, najua ukitaja pikipiki wengi wenu mnawaza bodaboda: silinda moja, ikizima imezima. Mimi nimekulia karibu na nyingine, Honda CB750 ya baba mdogo. Silinda nne, kabureta nne, mabomba manne ya moshi. Honda walianza kuiuza mwaka 1969, cc 736, nguvu za farasi 67, na breki ya diski mbele. Kawasaki nao walikuwa wakiandaa ya silinda nne. Walipoona wamewahiwa wakarudi kujipanga, wakatoka na Z1 ya cc 903 mwaka 1972. Leo wapenzi wa pikipiki za zamani wanazigombania zote mbili.

Mwezi uliopita baba mdogo aliamua kuiuza. Ada ya mwanawe, yuko kidato cha tatu shule ya binafsi, ilikuwa imekwama. Mnunuzi anakuja Jumamosi saa nne. Saa tatu naambiwa, "Iwashe, ipate moto kidogo." Nikakataa.

Injini ya silinda nne ina ujanja wake. Moja ikigoma, tatu zinambeba mwenzao. Chombo kinatembea, kinanguruma, na asiyejua anasema kiko poa. Ndiyo maana huwashwa ikiwa baridi kabisa. Unasikiliza, unaangalia kama moshi wa kwanza ni wa bluu, yaani oili inaungua, halafu baada ya nusu dakika hivi unadondosha tone la maji kwenye kila bomba, karibu na injini. Bomba ambalo tone linakaa tu bila kuchemka, hapo pana jambo. Kwenye CB750 koili moja inahudumia silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3. Zikipoa 1 na 4 pamoja, anzia kwenye koili au platini. Ikipoa moja peke yake, kagua plagi, kabureta, valvu. Sasa silinda inayogoma asubuhi mara nyingi huamka injini ikipata moto, kwa hiyo ukiipasha mapema umemnyima mnunuzi kipimo chake. (Oili ndiyo kinyume: kwenye hii Honda hupimwa baada ya injini kuzunguka, maana ikilala siku nyingi oili hushuka kutoka kwenye tangi lake.)

Washkaji hosteli waliniambia kila muuzaji anafanya hivyo, mnunuzi afumbue macho yake mwenyewe. Jamani, afumbue vipi kama umeshamfunika? Sisi wa Elimu tunajua hesabu hii: 80, 80, 80 na 0, wastani ni 60, na mtoto anaonekana amefaulu.

Basi mnunuzi akaja, maji yakadondoshwa, bomba la 3 likabaki baridi. Akashusha bei palepale na baba mdogo akakubali huku ananiangalia mimi. Jumatatu yule mnunuzi akapiga simu anacheka: jeti ya kabureta ya 3 ilikuwa imeziba kwa uchafu, ameisafisha, zote nne zinafanya kazi. Kazi ambayo tungeifanya wenyewe Ijumaa jioni, tukauza kwa bei yetu, bila kumficha mtu.

Ada imelipwa nusu. Baba mdogo salamu anaitikia, lakini maongezi bado.