Deni la Marehemu na Kompyuta Isiyoanza



Ndugu wasomaji, hivi karibuni nilikwenda Kitengela kuihani familia ya rafiki yangu, mfanyabiashara wa mbuzi. Marehemu alikuwa akinunua mifugo kwa wafugaji wa Kajiado, mara nyingine kwa mkopo, na madeni yake akiyaandika katika kompyuta kuukuu. Kompyuta hiyo ilikuwa ikiwaka taa, lakini mfumo wake hauanzi. Nasi twajua kuwa mirathi haigawanywi kabla ya deni kulipwa. Warithi wakabaki wameduwaa.

Kijana mmoja wa mtaani akaja na sidii yenye mfumo wa Linux. Nilimwomba anieleze afanyalo, naye akanieleza hatua kwa hatua.

Kompyuta iwashwapo haijui kitu ila maagizo machache yaliyohifadhiwa katika chipu, yaitwayo bayosi. Bayosi haiwezi kuubeba mfumo mzima. Kazi yake ni kutafuta pa kuanzia. Kwa kanuni iitwayo El Torito, iliyotolewa na makampuni ya Phoenix na IBM mwaka 1995, bayosi huiendea sekta ya 17 ya sidii, ikihesabiwa kuanzia sufuri. Kila sekta ina baiti 2,048. Hapo haukuti mfumo, bali hukuta anwani ya orodha, na orodha hiyo huionyesha ilipo programu ndogo ya kuanzishia. Katika sidii ya kijana, programu hiyo ilikuwa Isolinux. Nayo husoma faili la maelekezo, hukipakia kiini cha mfumo katika kumbukumbu pamoja na zana za mwanzo, hukikabidhi hatamu, kisha kazi yake huisha.

Mfumo ukaamka kutoka kwenye sidii, bila kuihitaji diski ya ndani. Kilichoharibika kilikuwa mfumo wa zamani. Maandishi ya marehemu yalikuwa salama. Kijana aliifungua diski kwa kusoma tu, asiandike juu yake hata herufi, akalinakili daftari la madeni katika flashi.

Daftari lilikuwa na majina ya wafugaji saba. Watano walikwisha kuja kudai. Wawili hawakuja, wala warithi hawakuwajua. Kesho yake mwana mkubwa alishika njia ya Kajiado kuwatafuta.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Marehemu aliandika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini alipoandika palikuwa mlango mmoja tu, na ufunguo wake ulikuwa karibu kupotea. Basi andika pia katika karatasi, na umjulishe mkeo au mwanao ilipo. Bayosi, kwa udogo wake, yajua anwani moja tu, na hiyo yatosha. Je, watu wa nyumbani kwako waijua ya madeni yako?

Wabillahi tawfiq.