Nyumba na Vyombo: Redio ya National Ilikotoka, na Jinsi ya Kuitunza

Katika ukurasa huu wa nyumbani tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, malezi na afya. Juma hili twageukia chombo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kama mmoja wa jamaa katika nyumba za askari na polisi, nacho ni redio. Mke ambaye mumewe amepelekwa mpakani hutega sikio redioni kabla ya kuuliza jirani. Habari kubwa za nchi hii, tangu uhuru wa 1962 hadi mapinduzi ya Januari 1971 na yale ya Julai 1985, wananchi wengi walizisikia kwanza kwa redio.

Miongoni mwa redio hizo, jina la National lilijulikana sana. Hata leo wapo wazee wanaoingia dukani Kampala na kuliulizia. Yafaa basi kila nyumba ijue jina hilo lilitoka wapi na limekwenda wapi, maana asiyejua huuziwa chochote kwa fedha alizozitolea jasho.

Mwanzilishi wa kampuni hiyo aliitwa Konosuke Matsushita. Alizaliwa mwaka 1894 katika mkoa wa Wakayama nchini Japani. Baba yake alifilisika, naye akiwa na umri wa miaka 9 tu alipelekwa mjini Osaka kuwa mtumishi katika duka la majiko ya makaa, kisha katika duka la baisikeli. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya taa za umeme. Mwezi Machi 1918, pamoja na mkewe Mumeno na shemeji yake Toshio Iue, alianzisha kazi yake mwenyewe katika nyumba ndogo, wakitengeneza viungio vya kuchomekea umeme.

Mwaka 1923 alitoa taa ya baisikeli ya betri. Taa za betri za wakati ule zilizimika baada ya saa chache, bali yake iliweza kuwaka kwa saa 30 hadi 40. Wenye maduka hawakuamini. Matsushita hakubishana nao. Aliwaachia taa zikiwa zimewashwa, wajionee wenyewe zitakapozimika. Mwaka 1927 alitoa taa nyingine, akaipa jina la National, kwa maana alitaka iwe taa ya taifa zima, ya tajiri na ya maskini. Mwaka 1931 redio yake ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya shirika la utangazaji la Japani.

Jambo moja katika habari zake lastahili kukumbukwa na kila mwenye kuongoza watu. Mwishoni mwa 1929 biashara ya dunia ilianguka, na ghala lake likajaa bidhaa zisizonunuliwa. Wasaidizi wake walimshauri apunguze nusu ya wafanyakazi. Yeye alikataa. Aliamuru kazi ya kiwandani ifanywe nusu ya siku, mshahara ulipwe wote, na kila mtu ajitahidi kuuza bidhaa zilizokwama. Kwa muda wa miezi miwili hivi ghala lilikuwa tupu, wala hakuna aliyefukuzwa. Kiongozi aliyewalinda watu wake wakati wa dhiki, nao walimlinda: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo kampuni ilitengenezea jeshi la Japani hata meli na ndege za mbao, watawala wa Kimarekani walitaka kumwondoa katika uongozi, na chama cha wafanyakazi kikamwombea abaki. Matsushita alifariki mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 94.

Shemeji yake Iue naye alijitenga, akaanzisha kampuni ya Sanyo mwaka 1947, akianza na taa za baisikeli. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa na redio ya National na kaseti ya Sanyo ilikuwa na vyombo vya shina moja. Mwisho wake ndugu hao walirudiana, kwani Sanyo ilinunuliwa na kampuni ya zamani ya Matsushita na kumezwa kabisa mwaka 2011.

Je, redio hizi zilifikaje vijijini kwetu? Redio za zamani zilitumia vioo vyenye kula umeme mwingi. Katika miaka ya 1950 ilikuja transista, kipande kidogo kinachofanya kazi ile ile kwa umeme haba, na Wajapani waliishika kazi hiyo kwa bidii. Tangu hapo redio iliweza kuimba kwa betri nne mahali ambapo waya wa umeme kutoka Jinja haujafika. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ilijenga kiwanda Dar es Salaam, kikatengeneza betri na redio za National, nazo zikaenea Afrika ya Mashariki.

Sasa tuje kwenye jina. Nchini Marekani jina la National lilikuwa tayari lina mwenyewe. Kwa hiyo bidhaa za nje zilianza kupewa jina la Panasonic tangu 1955, na kwa miaka mingi sisi huku tuliona majina yote mawili yakiandikwa pamoja. Mwezi Oktoba 2008 kampuni nzima ilibadili jina kuwa Panasonic, na jina la National likawekwa kando. Kwa hiyo mwuzaji akikuonyesha redio mpya, imetoka katika boksi leo, akaapa kwamba ni National ya Japani, muulize maswali. Soma pia herufi za Panasonic moja moja, kwa sababu waghushi huongeza au hupunguza herufi moja, nao wanategemea haraka yako.

Hadhari ya pili yahusu vyombo vilivyotumika vinavyoletwa moja kwa moja kutoka Japani. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, na wetu ni volti 240. Pasi au jiko la kupikia wali la volti 100 likichomekwa hapa bila transfoma huungua mara moja, na laweza kuunguza nyumba. Angalia maandishi yaliyo nyuma ya chombo kabla hujatoa fedha. Hali kadhalika redio za magari ya Kijapani: FM ya kwao kwa miaka mingi iliishia namba 90, ilhali stesheni nyingi za Kampala ziko juu ya hapo, hadi 108. Redio hiyo haikuharibika. Inahitaji kifaa kidogo cha kupanua masafa. Usikubali fundi akwambie kwamba imekufa.

Mwisho ni utunzaji wa betri. Waganda huziita amanda, yaani makaa, na hawakukosea, kwa kuwa katikati ya betri ya kawaida mna kijiti cha kaboni. Gamba lake la nje ni zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kidogo kidogo umeme unapotoka. Ikiisha kuliwa, gamba hutoboka na maji makali huvuja, yakala chemchemi za redio. Kwa hiyo toeni betri redio isipotumika kwa muda mrefu, hasa baba anapokwenda zamu ya miezi. Msichanganye betri mpya na kuukuu, maana iliyo dhaifu huvuja upesi. Kuzianika juani huamsha nguvu iliyobaki kwa dakika chache tu. Zinki iliyokwisha hairudi. Wala msizitupe motoni, kwani hupasuka, na watoto huwa karibu na moto.

Redio ikitunzwa hivyo, hudumu miaka mingi kuliko aliyeinunua alivyotarajia. Mtoto wa nyumba ile maskini ya Wakayama aliuza taa yake kwa kuiacha iwake mbele ya macho ya mnunuzi. Nasi tufanye vivyo hivyo tunaponunua: tuseme iwashwe kwanza, tuisikilize, ndipo tufungue mkoba.